Povu la Kabimba lina wenyewe

Acheni kuwafokea wamama wa Kabimba. Mara kwa mara anashuka mtu ufukweni na fulana iliyoandikwa kifuani na kipaza sauti mkononi, anawaambia wanawake walioinama majini kwamba wao ndio wanaoua Ziwa Tanganyika. Anawapiga picha na mabeseni yao, anawafundisha usafi, anapanda gari anarudi Kalemie. Povu linabaki palepale, na wamama wanabaki na aibu isiyo yao. Mimi nasema somo hilo ni uonevu. Linamshitaki mwenye beseni na kumsamehe aliyetengeneza unga, aliyeuingiza nchini, aliyeugongea muhuri mpakani, na aliyeapa kuilinda Katiba ya Kongo inayomhakikishia mama huyo maji safi.

Angalieni kwanza kinachofuliwa. Kabimba inaishi kwa mawe ya chokaa na kiwanda cha simenti, na nguo ya simenti haifanani na nguo ya shamba. Vumbi linaingia kwenye mshono, linajificha kwenye kola na ndani ya mifuko, na likikutana na jasho linagandamana. Ukitumbukiza kaki ya mfanyakazi majini, maji yanageuka kijivu na kuteleza vidoleni, kwa sababu simenti mbichi ina ukali wa kuunguza ngozi. Mama anamwaga sashe nzima ya unga, anaacha nguo ilowane, kisha anaanza kufikicha, kola baada ya kola. Akimaliza, tazameni mikono yake. Ngozi kati ya vidole imepasuka, viganja vimekauka na kuwa vyeupe, pembeni mwa kucha kuna wekundu usiopona kwa sababu kesho kuna kaki nyingine. Usiku anapaka mawese. Asubuhi anarudi majini.

Wapo wanaomuuliza kwa nini asifue kwa sabuni ya kipande, ile ya mawese, kama bibi yake. Jibu liko ndani ya maji yenyewe. Maji ya Ziwa Tanganyika yamejaa madini, hasa magnesi, pamoja na kalisi, na kipimo chake cha ukali kinakaribia 9 wakati kipimo cha katikati ni 7. Sabuni ya kipande ikikutana na madini hayo inaganda, inakuwa utando mweupe unaong'ang'ania kitambaa, na povu halipandi. Na penye mawe ya chokaa, hata maji ya chemchemi huwa magumu hivyohivyo. Unga wa viwandani hausumbuliwi na madini, ndiyo maana unamaliza kazi. Mama wa Kabimba hakuuchagua kwa uvivu wala kwa kupenda mambo ya kisasa. Amechagua anavyochagua mtu anayeijua kazi yake, ila kuna upande mmoja wa kazi hiyo ambao hakuna aliyemwambia.

Kinachotoa povu ndani ya unga huo, na kung'oa mafuta kwenye nguo, ni kemikali ambazo wataalamu wanaziita safaktanti. Kila chembe yake ina pande mbili: mmoja unapenda maji, mwingine unapenda mafuta. Upande wa mafuta unaushika uchafu, upande wa maji unauvuta, na nguo inatakata. Ni kazi nzuri, na siipingi. Lakini chembe hiyo haitofautishi mafuta ya kola na mafuta ya ngozi ya binadamu. Inabeba yote. Haijui pia kwamba utando mwembamba wa mashavu ambayo samaki anapumulia nao umejengwa kwa mafuta, na ndiyo sababu miligramu chache tu za safaktanti katika lita moja ya maji zinatosha kumuua samaki mdogo. Ngozi iliyonyang'anywa mafuta yake inapasuka, na kwenye ufa huo inapita simenti. Simenti ya kawaida hubeba kromiamu kidogo, inayotoka kwenye malighafi na kubadilika katika moto wa tanuri. Ile inayoyeyuka majini imewapa mafundi ujenzi wa dunia nzima ugonjwa wa ngozi wa mzio. Mwili ukishaizoea vibaya kromiamu hiyo, hausahau tena maisha yote.

Povu na simenti katika beseni moja. Sasa nisikilizeni vizuri. Tarehe 18 Juni 2003 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo namba 2003/53. Agizo hilo lilishughulikia mambo mawili tu. La kwanza ni nonilifenoli pamoja na safaktanti zinazotengenezwa nayo: zisizidi asilimia 0.1 katika bidhaa za kusafishia. La pili ni simenti: kromiamu inayoyeyuka majini isizidi sehemu 2 katika milioni. Lilianza kutumika Januari 2005. Karatasi moja ya sheria, na ndani yake maradhi yote mawili ya beseni la Kabimba! Walioiandika hawakumfikiria mama wa ufukwe wetu hata kwa dakika moja. Waliwafikiria mafundi wao na mito yao, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Na sisi hatukuwa tumelala. Siku sita kabla ya hapo, tarehe 12 Juni 2003, serikali za Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilikutana Dar es Salaam zikasaini Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika. Mkataba huo unasema anayechafua alipe. Unasema tahadhari ichukuliwe kabla ya madhara kuthibitika. Nao ulianza kufanya kazi mwaka 2005, mwaka uleule wa agizo la Ulaya. Ukatuletea Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye ofisi Bujumbura. Nyaraka mbili za juma moja! Ile ya Ulaya ina namba ambayo mkaguzi anaweza kuipima kwenye maabara na kumrudisha mfanyabiashara na shehena yake. Ya kwetu ina misingi mizuri, na sisi wa ufukweni hatujawahi kuona hata kipimo kimoja cha povu kikibandikwa kwenye ukuta wa bandari.

Nitaeleza kwa nini Ulaya iliikimbia hiyo nonilifenoli, maana watu wetu wana haki ya kujua. Safaktanti zake ni kali, zinafua vizuri, na ziliuzwa miaka mingi. Shida inaanza baada ya kumwagwa. Vijidudu vya majini vinazitafuna nusu, na kinachobaki ni nonilifenoli yenyewe, isiyooza kwa urahisi, inayokaa kwenye matope na kuingia kwenye mafuta ya samaki. Mwaka 1991 Ana Soto na Carlos Sonnenschein wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, waliona chembe za saratani ya matiti walizokuwa wakizichunguza zikiongezeka bila wao kuzipa homoni. Walitafuta chanzo wakakikuta kwenye mirija ya plastiki ya maabara: nonilifenoli ilikuwa inachuruzika na kujifanya homoni ya kike. Nchini Uingereza, kwenye mto Aire wa Yorkshire ambako viwanda viliosha sufu kwa safaktanti hizo, samaki madume walikutwa na protini ya kutengenezea mayai ndani ya damu yao. Viwanda vilipopunguza kemikali hiyo, protini nayo ikapungua. Hakuna aliyewaambia wanawake wa Yorkshire waache kufua. Waliambiwa wenye viwanda.

Na hata kabla ya hapo, Wajerumani waliona mito yao ikifunikwa na povu miaka ya 1950, kwa sababu safaktanti za wakati huo zilikuwa na matawi ambayo vijidudu havikuweza kuyatafuna. Sheria yao ya mwaka 1961, iliyoanza kutumika Oktoba 1964, iliwaamuru watengenezaji watumie zinazooza. Viwanda vilibadilisha fomula. Havikufa, na nguo za Ujerumani hazikubaki chafu. Leo Ulaya, kwa kanuni namba 648 ya mwaka 2004, inadai safaktanti ioze kabisa, angalau asilimia 60 ndani ya siku 28, la sivyo haiingii sokoni.

Kanuni hiyohiyo inadai jambo jingine ambalo kwetu linanichoma zaidi. Paketi lazima iseme ina safaktanti za aina gani na kwa kiasi gani: chini ya asilimia 5, kati ya 5 na 15, kati ya 15 na 30, au zaidi. Na mganga akiomba orodha kamili ya kemikali, mtengenezaji lazima ampe. Sasa chukua sashe inayouzwa kwa franka chache sokoni Kabimba. Igeuze. Utakuta picha ya mwanamke anayecheka, shati jeupe, ua, limau, na maneno kwamba uchafu utakimbia. Niliyoishika mimi mkononi, upande wa nyuma, ilikuwa na maandishi madogo kuliko punje ya mtama, kwa lugha ambayo muuzaji haisomi wala mnunuzi haisomi, na neno "safaktanti" lilikuwepo bila jina na bila kiasi. Mganga wa kituo cha afya ataletewa mtoto aliyekunywa kitu hicho, na ataanzia wapi?

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu watoto wanaumia kwa jambo linalozuilika. Wale wanaochemsha sabuni nyumbani kwa mawese wanatumia soda kostiki. Inanunuliwa kwa kipimo, inayeyushwa, na mara nyingi inahifadhiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, kwa sababu chupa ndiyo iliyopo. Mtoto mwenye kiu haulizi. Fundo moja linaunguza mdomo na koo, na kovu linapokaza njia ya chakula mtoto huyo anaweza kuishi miaka bila kumeza bukari. Msimtapishe, maana soda inapopanda inaunguza mara ya pili. Msukutueni mdomo kwa maji na mkimbizeni hospitali. Na msichanganye javel na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu hapo inatoka hewa ya klorini ambayo inaua ndani ya chumba kilichofungwa. Mambo haya yangepaswa kuandikwa kwa Kiswahili kwenye kila chupa na kila paketi inayouzwa kati ya Uvira na Moba. Wino hauna gharama ya kumshinda mfanyabiashara yeyote.

Kuna watu watakaosema: ziwa ni kubwa, povu la wamama litafanya nini? Kweli ni kubwa. Lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina cha mita 1,470, na linabeba takriban sehemu moja ya sita ya maji matamu yote ya juu ya ardhi duniani, ukiacha barafu. Lakini mama hafui katikati ya ziwa. Anafua kwenye maji ya magotini, na hapohapo mtoto anaoga, jirani anachota ya kunywa, na samaki wa mawe wanazaa. Samaki hao wa ufukweni ni mamia ya aina ambazo hazipatikani popote pengine duniani, na wengi wao wanakaa maisha yao yote kwenye kipande kidogo cha mwambao. Hawana pa kuhamia. Na ukubwa wa ziwa ni mtego pia. Mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga pale Kalemie, na maji mengi yanaondoka kwa kugeuka mvuke, ambao hauchukui uchafu. Chini ya mita mia moja au mia mbili, hewa ya oksijeni imekwisha. Safaktanti inayotumika zaidi leo kwenye unga, ile ya alkili benzini iliyonyooka, inaoza haraka palipo na oksijeni, na pasipo na oksijeni haiozi kwa urahisi. Anayesema ziwa litameza kila kitu aeleze basi linameza kwenda wapi.

Tena unga hauna safaktanti peke yake. Kwa miaka mingi watengenezaji walitia fosfati ili kuyalainisha maji magumu, na fosfati ni mbolea. Mwaka 1973 David Schindler na wenzake, kule Ontario, Kanada, waliligawa ziwa dogo namba 226 kwa pazia la plastiki. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili wakaongeza fosforasi. Upande wa fosforasi uligeuka kijani kwa mwani, na wa pili ukabaki safi. Picha ya ziwa lile iliwafunga mdomo mawakili wa viwanda. Tangu 2013 Ulaya inaruhusu nusu gramu tu ya fosforasi kwa kipimo kimoja cha kufulia nyumbani. Sisi ambao ziwa letu ni jeupe na safi kwa sababu fosforasi juu yake ni haba, sisi ambao ndakala na mikebuka ndiyo nyama yetu, tulipaswa kuwa wa kwanza kuifungia mlango.

Na asije mtu akanigeuzia maneno kwamba napinga sabuni. Kalemie ni moja ya miji ambayo kipindupindu hakijaisha. Daktari Didier Bompangue na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba miji ya kando ya maziwa ya mashariki ya Kongo ndiyo chimbuko la milipuko inayosambaa kwenda kwingine. Mikono iliyooshwa kwa sabuni inaokoa watoto wetu, na atakayeipandisha bei au kuiondoa sokoni atakuwa na damu mikononi. Ninachotaka ni sabuni inayosafisha na kisha kuoza, na mtu anayeinunua aambiwe kilichomo.

Tuna deni pia la kudai, na ni la zamani. Mwaka 1911 William Lever, mfanyabiashara wa sabuni wa Kiingereza, alisaini na serikali ya Ubelgiji mkataba uliompa haki juu ya mamia ya maelfu ya hekta za michikichi ya Kongo. Mji wa Leverville ulijengwa pale Kwilu, watu wakapandishwa michikichi kwa nguvu, na mwaka 1931 Wapende wa eneo hilo wakaasi na kuuawa kwa mamia. Mikono ya Ulaya ilitakata kwa mafuta yetu. Nchi iliyolipa bei hiyo haiwezi kuambiwa leo kwamba usalama wa sabuni ni anasa ya matajiri.

Serikali haina pa kujificha. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira salama na wajibu wa kuyatetea. Ibara ya 48 inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Kuna sheria ya mazingira ya Julai 2011, kuna sheria ya maji ya Desemba 2015, kuna ofisi ya serikali ya OCC inayokagua bidhaa mpakani na kutoza pesa kwa kazi hiyo. Basi wapime! Kila shehena ya unga na ya sabuni ya maji itolewe sampuli, na yenye nonilifenoli kupita asilimia 0.1 irudi ilikotoka kwa gharama ya mwenyewe. Simenti yote inayouzwa nchini, ya ndani na ya nje, ipimwe kromiamu kwa kiwango kilekile cha sehemu 2 katika milioni. Dawa inajulikana: ni chumvi ya chuma inayochanganywa wakati wa kusaga, na kwa kuwa nguvu yake inaisha ikikaa, mfuko uandikwe tarehe. Wafanyakazi wafuliwe kaki zao kazini, ili vumbi la kazi lisivuke mlango wa nyumba na kuishia kwenye mikono ya mke.

Na ufukweni kijengwe kitu ambacho mama anaweza kukigusa: sakafu za kufulia zilizoinuliwa hadi kiunoni, zenye bomba, mbali na mstari wa maji, na maji machafu yaingie kwenye shimo la changarawe na mchanga ambako hewa inapita na vijidudu vinafanya kazi yao kabla ya tone lolote kufika ziwani. Zijengwe juu, kwa sababu tuliyaona maji ya ziwa yakipanda na kuingia majumbani Kalemie. Mawe tunayo, simenti tunayo, mafundi tunao. Kabimba inatoa simenti ya kujengea nyumba za watu wengine, na haiwezi kukosa mifuko ya kutosha sakafu mbili tatu za wanawake wake.

Lakini Kongo peke yake haitoshi. Unga unavuka ziwa kwa boti. Uliokataliwa Kigoma utashushwa usiku kwetu, na uliokataliwa kwetu utaishia Rumonge au Mpulungu. Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, pamoja na Tanzania na Burundi, na Jumuiya ina utaratibu wa viwango vya pamoja vya bidhaa. Zambia imo ndani ya Mkataba wa Ziwa. Meza mbili zipo, na viti vyetu vipo kwenye zote mbili. Mawaziri wa nchi nne watakapokutana tena kwa ajili ya ziwa, wa Kongo aweke mezani agizo la 2003/53 na namba zake mbili, asilimia 0.1 na sehemu 2 katika milioni, aulize ni nani anazikataa na kwa sababu gani. Majibu ya kila nchi yachapishwe kwa Kiswahili na kubandikwa bandarini Kalemie na sokoni Kabimba, na majina ya waliokataa yawepo.